Mtoto anafeli hesabu: soma makosa yake kabla hujaongeza tuisheni

Mtoto kaja na pepa ya hesabu kapata 38 kwa 100, na wazazi wengi macho yanaenda moja kwa moja kwenye ile namba ya juu, zinaanza kelele, au anatafutwa mwalimu wa tuisheni, au kinanunuliwa kitabu kingine cha mazoezi kama kile kile cha kwanza. Sasa ile 38 yenyewe haikwambii kitu. Watoto wawili wanaweza kupata 38 hiyo hiyo na shida zao zisifanane hata kidogo, mmoja hajui kutoa kwa kukopa, mwenzake anajua karibu kila kitu ila hakufika hata nusu ya pepa, na ukiwapa wote zoezi moja basi mmoja wao umempotezea muda.

Kinachosema ni yale majibu aliyokosa. Mwaka 1978 watafiti wawili wa Marekani, John Seely Brown na Richard Burton, waliandika kuhusu makosa ya watoto kwenye hesabu za kutoa, na walichokionyesha ni kwamba makosa mengi mtoto habahatishi, anafuata kanuni yake kabisa tena kwa uaminifu, ila kanuni yenyewe ina kasoro na anairudia swali baada ya swali. Mimi naona hilo ndo jambo muhimu kuliko yote kwa mzazi kulijua, manake kanuni mbovu unaweza kuitafuta ukaipata ukairekebisha, wakati "mtoto mzito wa hesabu" huwezi kumrekebisha chochote, umeshamfungia mlango.

Kwahiyo chukua pepa, weka pembeni zile alizopata kwa muda, twende dalili moja moja.

Kwanza mpime, na ukimpima usimfundishe

Tafuta kama nusu saa, mtoto ameshiba hana usingizi, simu na tivii zimezimwa. Mpe karatasi tupu na penseli ila kifutio ondoa kabisa, kwa sababu anachokifuta ndo hicho unachokitafuta. Mwambie hamna maksi hapa, akikosea akate kwa mstari mmoja aendelee. Usimwekee saa.

Anza chini kuliko alipo. Kama yuko darasa la tano mwanzie hesabu za darasa la tatu, maswali mawili matatu kila topiki, zile anazoteleza nazo bila shida pita haraka panda juu, mpaka ufike pale anapoanza kusita, anaangalia dari, anafuta kwa kidole, anauliza "hii ni ya kujumlisha?". Hapo ndo pa kuanzia kazi, hata kama ni madarasa mawili nyuma ya alipo, na usione aibu kwa hilo wala usimwonyeshe mtoto kwamba ni aibu.

Kila jibu muulize "umepataje?". Kila jibu, hata aliyopata, sababu mtoto akiulizwa tu alipokosa anajifunza haraka kwamba swali hilo maana yake "umekosa" na anaanza kubadilisha jibu badala ya kukuelezea. Na uso wako uwe uleule akipata na akikosa, watoto wanasoma uso kuliko wanavyosoma swali. Ukianza kumrekebisha katikati umeshapoteza kipimo, anaacha kukuonyesha anachofikiria anaanza kutafuta unachotaka wewe. Vumilia, andika tu pembeni, kufundisha ni kesho.

Mfano mdogo wa kwanini "umepataje" ni muhimu hata kwenye jibu sahihi. Muulize 0.85 na 0.3 ipi kubwa. Atasema 0.85, umpe tiki. Halafu muulize 0.45 na 0.6. Akisema 0.45 basi ile tiki ya kwanza ilikuwa ya uongo, anachofanya anasoma 85 na 3, 45 na 6, kama namba za kawaida ambazo nukta imepotea njia. Kwenye pepa ya shule swali la kwanza angepata maksi na wewe ungeamini desimali anajua.

Dalili: kujumlisha yuko vizuri, kutoa anakosa

Hii ndo dalili naipenda kuifuatilia kwa sababu jibu lenyewe linakwambia kila kitu. Mpe 52 − 37. Jibu ni 15. Akiandika 25, amechukua 7 akatoa 2 akapata 5, yaani kila safu anatoa ndogo kutoka kubwa bila kujali ipi ipo juu, kwa kuwa mahali fulani huko nyuma aliambiwa "huwezi kutoa kubwa kwenye ndogo" na akaishika vizuri sana. Huyu ukimpa maswali 50 ya kutoa atafanya 50 kwa njia hiyo hiyo, mazoezi yanaigandisha tu.

Akivuka hapo mpe yenye sifuri katikati, 304 − 178. Jibu ni 126. Akileta 226, huyu anajua kukopa na ile sifuri ameigeuza kuwa 9 kama inavyotakiwa, ila amesahau kwamba ile 9 ilitoka kwenye 3, hakuipunguza ikawa 2. Akileta 176, amekopa kutoka kwenye 3 akaruka sifuri akapeleka moja kwa moja kwenye mamoja, halafu alipofika makumi akakuta 0 toa 7 akaandika 7. Ona sasa, wote wamekosa, wote wamewekewa alama ile ile nyekundu, na kila mmoja anahitaji maelezo ya kwake.

Chanzo cha wote ni kimoja ukichimba: thamani ya tarakimu. Mtoto anaona 304 kama 3 na 0 na 4 zimesimama foleni, haoni mamia matatu. Rudi kwenye vitu vya kushika, njiti au vijiti, funga kumi kumi kwa rababendi, mafungu kumi yawe mia moja, halafu muombe akupe vijiti 178 kutoka kwenye 304. Atalazimika kufungua fungu la mia ili apate makumi, na afungue fungu la kumi ili apate mamoja, kwa mikono yake. Fanya hivyo siku kadhaa huku anaandika kila anachokifanya, na sio aandike tu mwishoni, kila fungu likifunguliwa linaandikwa hapohapo. Kukopa kunakuwa kitu alichokifanya badala ya kitu alichoambiwa.

Shida hiyohiyo ya thamani utaikuta imejificha kwenye kuzidisha na kugawanya. 23 × 14 akileta 115 badala ya 322, mstari wa pili aliandika 23 badala ya 230, ile 1 ya kwenye 14 kaiona moja wakati ni kumi. 618 ÷ 6 akileta 13 badala ya 103, kaona 6 ndani ya 1 haiingii akaruka bila kuandika sifuri. Hapa mfundishe kukadiria kabla ya kufanya: 618 ni zaidi ya 600, na 600 kwa 6 ni 100, kwahiyo 13 haiwezekani kabisa. Mtoto anayekadiria kwanza anajikamata mwenyewe, na hiyo ni maksi ambazo huhitaji mwalimu yeyote kuzipata.

Dalili: alikuwa vizuri mpaka zilipoingia sehemu

Wengi sana hapa ndo wanapoanguka, na anguko linakuja ghafla mpaka mzazi anadhani mtoto kapata marafiki wabaya. Sio marafiki. Mpaka hapo namba zote zilikuwa zinahesabika kwa kidole, kubwa ni kubwa, ukizidisha zinaongezeka, na sasa kanuni zote hizo zinavunjika kwa wiki moja na hamna aliyemwambia kwamba zimevunjika.

Mpe 1/2 + 1/3. Akileta 2/5 amejumlisha juu kwa juu na chini kwa chini. Usimwambie "hapana, tafuta asili inayofanana" kwa sababu atakariri hiyo na kuisahau. Muulize kwanza: ulikuwa na nusu, ukaongezewa, sasa una 2/5, je 2/5 ni kubwa au ndogo kuliko nusu? Mchoree. Ni ndogo, nusu ni mbili na nusu ya tano. Umeongezewa ukapungukiwa? Mtoto akishangaa hapo mwenyewe umeshinda nusu ya kazi, ile njia ya asili zinazofanana sasa anaihitaji, anaitafuta.

Kipimo kingine muulize 1/4 na 1/3 ipi kubwa, wengi watasema 1/4 kwa kuwa 4 ni kubwa. Karatasi mbili za urefu sawa, moja kunja ipate vipande vitatu sawa nyingine vinne, akate alinganishe. Dakika tano tu. Usisonge mbele kwenye kuzidisha sehemu na asilimia kama hapa bado, asilimia ni sehemu ya mia tu, akikwama hapa na huko atakwama.

Desimali nimeshagusia. Yuko na mtoto wa aina nyingine ambaye kosa lake ni kinyume, anasema 0.3 ni kubwa kuliko 0.85, na ukimuuliza anasema "hii ina tarakimu moja, hizi za kumi ni kubwa kuliko za mia". Amesikia nusu ya somo akaishika sana. Ndo maana unampa jozi zote mbili, moja peke yake haikwambii yupo upande gani. Na akijumlisha 2.5 + 3 akapata 2.8 ni kwamba amezipanga kuanzia kulia kama namba nzima, mwandikie 3.0 uone kama anajirekebisha.

Hapohapo pima alama ya sawa sawa, watu hawaifikirii kabisa hii. Andika 8 + 4 = __ + 5. Akijaza 12 anasoma "=" kama amri ya "andika jibu hapa". Akijaza 17 amejumlisha kila anachokiona. Anayeandika 7 ndo anaelewa kwamba pande mbili zinalingana. Mtoto asiyeelewa hili atafika kwenye aljebra na x zake na atapotea, na kila mtu atasema aljebra ni ngumu.

Dalili: hesabu tupu anapata, mafumbo yanamshinda

Mzazi anasema "kujumlisha kutoa kuzidisha yote anajua ila likija swali la maneno anashika kichwa". Hapa kuna njia ya zamani nzuri sana ya Anne Newman wa Australia, ya mwaka 1977, ya kumpitisha mtoto kwenye stepu tano uone amekatikia wapi. Chukua fumbo alilokosa, mwambie nisomee kwa sauti. Halafu niambie swali linataka nini, kwa maneno yako. Halafu utafanyaje, njia gani. Halafu fanya nione. Mwisho niandikie jibu lenyewe.

Akikwama kusoma, tatizo ni kusoma na hesabu haina kosa, mtafutie vitabu vya hadithi na muda wa kusoma kila siku, utaona na maksi za hesabu zinapanda. Kama lugha ya mtihani sio ile anayoongea nyumbani basi mjaribu fumbo lilelile kwa lugha ya nyumbani, akipata papo hapo umeshajua, mtengenezee daftari la maneno ya hesabu, tofauti, jumla, salio, mzingo, kila neno na mchoro wake.

Akisoma vizuri lakini hawezi kukwambia swali linataka nini, au anakwambia moja kwa moja "ya kujumlisha" kabla hata ya kumaliza kusoma, huyo amefundishwa kuwinda maneno. Kuna sehemu nyingi wanafundisha hivi, "ukiona zaidi jumlisha, ukiona imebaki toa". Mpe hii: Juma ana kalamu 12, ana kalamu 5 zaidi ya Asha, Asha ana kalamu ngapi? Mwindaji wa maneno atasema 17. Jibu ni 7. Neno "zaidi" limemdanganya kwa sababu hakujenga picha ya nani ana nyingi.

Tena hali hii inaweza kwenda mbali kuliko unavyodhani. Kuelekea mwaka 1980 watafiti wa Grenoble, Ufaransa, waliwapa watoto swali kwamba melini kuna kondoo 26 na mbuzi 10, nahodha ana umri gani? Wengi wao walijibu 36. Hao sio watoto wajinga, ni watoto waliozoea kwamba kila swali lina jibu na jibu linatoka kwenye namba zilizopo, kwahiyo walifanya walichozoeshwa. Jaribu swali la namna hiyo nyumbani, mara moja moja, na mtoto akisema "hili halijibiki" msifie sana kwa hilo.

Dawa yake ni kuchora. Kila fumbo mchoro kwanza, mistari miwili tu inatosha, mrefu wa Juma mfupi wa Asha, pengo ni 5. Dawa ya pili ni kumpa mafumbo yasiyo na namba kabisa: "Watoto wanasafiri kwa mabasi, unajua idadi ya watoto na idadi ya viti kwenye basi moja, utajuaje mabasi mangapi yanahitajika?". Anaelezea kwa mdomo. Halafu ndo unamwekea namba, watoto 130, basi linabeba 40. Atapata 3 na salio 10, na hapo stepu ya tano ya Newman ndo inafanya kazi, akiandika "3 salio 10" mwambie wale kumi watabaki barabarani? Jibu ni mabasi 4. Kuna watoto wanafanya hesabu yote sahihi wanapoteza maksi hapa mwisho tu kila mtihani.

Na za muda, kwa haraka: safari imeanza saa 2:45 imeisha saa 4:10. Akileta saa 1 na dakika 65 ametoa kama desimali, anakopa 100 wakati saa ina dakika 60. Mfundishe kupanda ngazi, kutoka 2:45 mpaka 3:00 ni dakika 15, mpaka 4:00 ni saa moja, mpaka 4:10 ni dakika 10, jumla saa 1 na dakika 25. Hamna kukopa, hamna kukosea.

Dalili: anapata ila anachelewa, pepa haishi

Muulize 8 + 7 uangalie vidole na midomo. Kuna anayehesabu yote kuanzia moja mpaka 15. Kuna anayeanzia 8 akaendelea tisa, kumi, kumi na moja. Na kuna anayesema "7 na 7 ni 14, ongeza 1" au anaazima mbili kwenye 7 ili 8 iwe 10. Wa kwanza yuko mwanzo kabisa, wa pili yuko njiani, wa tatu ameshafika. Darasa la nne au la tano akiwa bado anahesabu moja moja basi kwenye hesabu ndefu kichwa kinajaa kabla hajafika mwisho, anasahau alikuwa anafanya nini, na hiyo inaonekana kama uzito wa akili wakati ni mzigo tu.

Usimkataze vidole kwa ukali, ataendelea navyo chini ya dawati. Mpe njia bora ataviacha mwenyewe: kwanza jozi zinazotengeneza kumi, 6 na 4, 7 na 3, halafu mbili mbili zinazofanana, 6 na 6, 8 na 8, nyingine zote zinapita kwenye hizo. Tebo za kuzidisha vilevile, ya 2, ya 10 na ya 5 kwanza, ya 4 ni ya 2 mara mbili, ya 9 ni ya 10 ukapunguza fungu moja. Ukishajua kwamba 7 × 8 na 8 × 7 ni kitu kimoja tebo nusu imeisha. Dakika kumi kila siku zinashinda saa mbili za Jumamosi, hilo sina shaka nalo.

Ila angalia pia kitu kingine, kuna mtoto anajua haraka sana lakini anachelewa kwa kuwa ana hofu ya kukosea, anafuta anaandika anafuta. Huyo hahitaji tebo.

Dalili: juzi alijua, leo hajui

Hii inawakera wazazi na inaonekana kama uvivu. Hermann Ebbinghaus alilipima hili Ujerumani akalichapisha mwaka 1885, tunachojifunza kinapungua haraka sana siku za mwanzo kama hatukirudii, na kila marudio yakipishana siku kadhaa kinakaa zaidi. Kwahiyo kama topiki imefundishwa wiki ya kwanza na haikuguswa tena mpaka mtihani, kusahau ni jambo la kawaida kabisa.

Tatizo jingine ni zoezi la aina moja. Maswali 30 yote ya kuzidisha, mtoto hahitaji kufikiria afanye nini, anazidisha tu. Mtihani unamchanganyia eneo, mzingo, sehemu, salio, na hapo ujuzi anaoukosa ni kuchagua njia, kitu ambacho hajawahi kufanyia zoezi. Changanya. Maswali kumi ya topiki tano tofauti yakiwemo mawili ya mwezi uliopita. Atakosa zaidi mwanzoni kuliko kwenye zoezi la aina moja na atalalamika, mwache alalamike, kwenye mtihani ndo utaona.

Na kusoma daftari sio kujiandaa. Mtoto anaangalia mfano uliofanywa na mwalimu anasema "naelewa" na kweli anaelewa, kwa sababu kila stepu iko mbele yake. Funika ule mfano aufanye mwenyewe kwenye karatasi.

Dalili: nyumbani anajua, mtihani anafeli

Kabla hujasema hofu, hakikisha kwanza nyumbani anajua kweli. Wazazi wengi bila kujua tunamsaidia, tunasema "eehee... halafu?", tunanyoosha kidole kwenye safu inayofuata, tunashusha pumzi akikaribia kukosea. Mpe maswali uondoke chumbani urudi baada ya dakika ishirini. Akianguka hapo, tatizo ni kwamba alikuwa anafanya na wewe.

Akipata vizuri peke yake bila saa halafu akiwekewa saa anavurugika, hapo sasa ni stresi. Mark Ashcraft na Elizabeth Kirk walionyesha mwaka 2001 kwamba mtu mwenye hofu ya hesabu, akiwa katikati ya kazi, ile hofu inakula nafasi ya kumbukumbu ya muda ambayo angeitumia kubeba namba na kukopa. Yaani akikwambia "nilijua ila kichwa kiliganda" haongopi. Kumpigia kelele kunaongeza kilekile kinachomgandisha.

Na sisi wenyewe tujiangalie. Mwaka 2015 Erin Maloney na wenzake walionyesha kwamba watoto wa madarasa ya mwanzo ambao wazazi wao wana hofu ya hesabu na wanawasaidia mara kwa mara kazi za nyumbani walijifunza hesabu kidogo mwaka ule na hofu yao ikaongezeka. Kama wewe hesabu zinakutia kichefuchefu, kazi za nyumbani mwachie mtu mwingine mwenye utulivu, shangazi, kaka yake, jirani, wewe chukua kazi ya kuuliza "umepataje?" na kusikiliza. Na ile sentensi ya "hata mimi hesabu zilinishinda" iache kabisa, mtoto anaisikia kama ruhusa na hukumu kwa wakati mmoja.

Stresi ya saa inapungua kwa kuizoea kidogo kidogo. Leo maswali matano bila saa, wiki ijayo matano na saa ipo mezani lakini haimkati, wiki inayofuata inamkata.

Dalili: "makosa ya kizembe"

Neno hili linaficha mengi. Yaandike wiki mbili hayo ya kizembe uone kama yanafanana. Ananakili 36 kama 63, au anaruka mstari, mpeleke apimwe macho kabla ya kitu kingine chochote. Safu zinapinda mamoja yanaingia kwenye makumi, mpe karatasi ya miraba, tarakimu moja kila mraba, wengine shida inaishia hapohapo. Anajibu nusu ya swali, mzoeshe kupigia mstari kile kinachoulizwa na kurudi kukiangalia kabla hajaenda swali jingine.

Mtihani umekaribia, wiki tatu nne hivi

Ukishapima una orodha ya mashimo, na hutaweza kuziba yote. Chagua mawili au matatu yanayoshika topiki nyingi, thamani ya tarakimu, sehemu, tebo, hizo zinaingia kila mahali. Jiometri ya kona moja ambayo ina swali moja kwenye pepa iache kwanza, naomba uniamini kwa hili hata kama inauma.

Wiki za mwanzo asubuhi au jioni, nusu saa tu kwa siku, robo ya kwanza kuziba shimo, robo ya pili maswali yaliyochanganywa. Baadaye ingiza pepa za nyuma. Pepa ya kwanza afanye bila muda, mkae muichambue swali kwa swali. Ya pili kwa muda kamili, mezani, kimya. Mfundishe hesabu ya muda yenyewe: maswali 40 kwa dakika 60 ni dakika moja na nusu kila swali, likizidi dakika tatu liwekee alama rukia mbele, urudi. Watoto wengi wanakaa na swali la 7 dakika kumi na tano kwa sababu hamna aliyewaambia kwamba kuruka kunaruhusiwa.

Aonyeshe kazi, kwenye mitihani mingi njia sahihi ina maksi hata jibu likikosewa. Pepa akishamaliza arudi kukagua kwa njia ya kinyume, ya kutoa aijumlishe, ya kugawanya aizidishe, kusoma tu tena kwa macho hakukamati kitu.

Pepa mbili kwa wiki zinatosha. Pepa kila siku bila kuchambua ni kumpima mtoto kila siku bila kumpa chakula. Siku ya mwisho usiku alale, usimwingizie topiki mpya.

Umejaribu yote, miezi imepita, hamna kitu

Kuna watoto wenye diskalkulia, ubongo unapata tabu na namba zenyewe, na makadirio mengi yapo kati ya asilimia 3 na 7 ya watoto, kwahiyo kwenye darasa kubwa huenda yupo mmoja au wawili. Dalili zake ni tofauti na kuwa nyuma tu: ukimwekea maharage matatu au manne anahesabu moja moja badala ya kuona kwa mtupo mmoja wa jicho, anashindwa kusema haraka 6 na 9 ipi kubwa, tebo zinafutika kila wiki ingawa mashairi anakariri vizuri, saa ya mishale inamtesa mpaka ukubwani. Inatokea kwa watoto wenye akili timamu kabisa na haitokani na uvivu.

Usimpe jina hilo wewe mwenyewe nyumbani. Hakikisha macho na masikio yamepimwa, halafu nenda kwa mwalimu wake na zile karatasi zako, zile zisizofutwa, zenye tarehe na maelezo ya alivyofikiria kila swali, ukiomba aelekezwe kwa mtaalamu wa elimu ya mahitaji maalumu au mwanasaikolojia wa watoto. Hizo karatasi zitafupisha safari sana. Na wakati mnasubiri uliza shule kama anaweza kuongezewa muda kwenye mitihani, au kuruhusiwa chati ya tebo mezani. Uliza mapema, mipango hiyo mara nyingi inatakiwa iombwe kabla ya mtihani.